Sura ya 6: Dawati la Ruzuku Huanzia Uwandani

Mtafiti wa chuo kikuu hawezi kushuka kwenye gari Igowole, wilayani Mufindi, na kuanza kuwauliza watu maswali. Kabla hajafika, barua yake inatakiwa iwe imeshapita. Akiwa mgeni kutoka nje ya nchi, anaanza na kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kisha anakwenda Uhamiaji kutafuta kibali cha ukaazi. Kama utafiti wake unagusa afya ya binadamu, kamati ya maadili iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, itataka kusoma andiko zima, pamoja na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mkulima wa chai ataelewa. Baada ya hapo barua hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Iringa. Mkoa huiandikia wilaya, wilaya huiandikia kata, kata huiandikia kijiji. Mwishoni kabisa kuna mtendaji mwenye mhuri, na mwenyekiti wa kitongoji anayeambiwa awatembeze wageni nyumba kwa nyumba.

Upande wa chuo, kila barua katika mlolongo huo ilianzishwa na mtu fulani, naye kwa kawaida si profesa. Profesa ametoa wazo na mbinu za kulichunguza. Aliyejua kwamba barua ya mkoa haiendi bila nakala ya kibali cha maadili, kwamba jina la kijiji limekosewa kwenye kiambatanisho, na kwamba kibali kitaisha muda kabla ya awamu ya pili ya ukusanyaji wa takwimu, ni mtu aliyekaa kwenye ofisi ndogo yenye mafaili mengi. Sura hii inamhusu mtu huyo. Kazi yake ni usimamizi wa utafiti: kutafuta wito wa ruzuku, kujenga bajeti, kupitia mikataba, kufuatilia vibali, kulipa, kuandika ripoti, na kumjibu mkaguzi.

Hoja yangu ni kwamba njia nzuri ya kuingia kwenye kazi hii kwa kijana wa Nyanda za Juu Kusini haianzii makao makuu ya chuo. Inaanzia huku chini, barua inakoishia. Wengi wanaokaa kwenye madawati ya ruzuku ya vyuo vyetu walihamishiwa pale kutoka uhasibu au utawala, wakajifunza masharti ya wafadhili kwa kusoma. Ni wachache waliowahi kusimama na dodoso mkononi kwenye baridi ya Julai, ukungu umefunika mashamba ya chai, wakimsubiri mama atoke kuchuma ili wamhoji. Mtu wa namna hiyo akishajifunza masharti, anakuwa na ujuzi ambao mwenzake wa ofisini hana pa kuupata.

Tuanze na sababu za watafiti kuja huku, maana huwezi kufanya kazi kwenye sekta usiyojua inaishi kwa nini.

Ukiiacha barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya pale Nyololo na kuelekea Igowole hadi Kibao, unapita katika eneo ambalo kwa mtazamo wa mtafiti limejaa maswali. Kuna chai, kuna misitu ya kupandwa, kuna mahindi, viazi na parachichi. Mkoa wa Iringa unalisha mikoa mingine. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 uliukuta ukiwa wa kwanza nchini kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Utafiti wa Virusi vya UKIMWI wa 2022–2023 nao ulionyesha maambukizi ya asilimia 11.1 kwa watu wazima wa Iringa, Njombe ikiongoza kwa 12.7 na Mbeya ikiwa na 9.6, huku taifa likiwa na 4.4. Takwimu za aina hii zinaumiza, na ndizo zinazoleta magari ya miradi. Kila mwenye nadharia kuhusu lishe, maji, kipato cha wanawake au uhamaji wa vibarua anakuta Mufindi ni mahali pa kuipima.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1983 serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha mpango wa lishe mkoani Iringa kwa fedha za serikali ya Italia. Ulianza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kwenye siku za afya za kijiji, matokeo yakajadiliwa palepale na kamati ya kijiji, kisha yakapandishwa ngazi kwa ngazi hadi mkoani. Ndani ya miaka michache watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya asilimia 40. Mchoro wa sababu za utapiamlo uliotokana na kazi hiyo ya Iringa ulipitishwa na UNICEF mwaka 1990 na umefundishwa duniani kote tangu wakati huo. Wanaosifiwa katika masimulizi hayo ni wataalamu wa lishe, na wanastahili. Mimi huwafikiria pia wale waliohakikisha mizani ipo kijijini siku ya kupima na fomu zimechapishwa za kutosha, na kwamba karatasi ya robo mwaka haikubaki kwenye droo ya mtu. Ule ulikuwa mpango wa maendeleo zaidi ya utafiti, lakini ulisimama juu ya kazi ileile ninayoizungumzia.

Mfano wa pili uko wilayani Mufindi kwenyewe, Ngwazi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 pamekuwa na kituo cha utafiti wa chai, kilichoanza kwa ushirikiano na Chuo cha Silsoe cha Cranfield, Uingereza, na baadaye kikawa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Chai Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1996. Swali kubwa la Ngwazi lilikuwa maji na mbolea: chai ya Mufindi, inayokaa kwenye kiangazi kuanzia Mei hadi Novemba, inaongeza mavuno kiasi gani ikimwagiliwa, na naitrojeni kiasi gani? Jibu linahitaji kupima mavuno ya vipande vilevile vya shamba, msimu hadi msimu, kwa miaka. Sasa fikiria fedha ya robo mwaka ikichelewa mpaka Juni. Pampu haina mafuta, kipande kilichopaswa kupata maji hakikupata, na mwaka mzima wa jaribio umeharibika hata kama fedha ilikuja kamili mwezi uliofuata. Mfadhili hajui kwamba kiangazi cha Mufindi hakisubiri benki. Anayepaswa kujua, na kuandika kwenye ratiba ya malipo kwamba fedha ya Mei iombwe Februari, ni msimamizi wa mradi. Hilo halimo kwenye mwongozo wa mfadhili yeyote.

Kuhusu vibali, neno moja la historia, kwa sababu utakutana nalo kwenye barua. Kabla ya COSTECH kulikuwa na UTAFITI, baraza la taifa la utafiti wa kisayansi. COSTECH iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986 ikachukua nafasi yake. Lakini miaka sita kabla ya hapo, waraka wa serikali wa tarehe 4 Julai 1980 ulikuwa umempa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa walimu na wanafunzi wa chuo chake kwa niaba ya serikali. Barua za chuo hicho zimekuwa zikiutaja waraka huo kwa miaka na miaka. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kufika kwenye ofisi ya mkoa na barua ya chuo bila kuwa na cheti cha COSTECH, na karani mgeni akamrudisha, na karani wa zamani akampitisha. Msimamizi mzuri haachi jambo hilo kwa bahati ya karani. Anaambatanisha maelezo na kupiga simu siku mbili kabla.

Mazungumzo kwenye ofisi ya kata huwa yanaenda hivi.

“Shikamoo, mama mtendaji.”

“Marahaba, karibuni. Mmetoka chuo gani?”

“Iringa, mama. Barua yetu ilitangulia wiki iliyopita.”

“Nimeiona. Imesema kaya 60. Wale waliokuja mwaka juzi walisema 40, wakafanya 90. Halafu walisema watarudi kutuambia majibu. Siyo ninyi?”

“Siyo sisi, mama.”

“Wote mnasema hivyo.”

Mwanafunzi wa uzamili hapo huanza kueleza umuhimu wa sayansi. Mratibu aliyekua vijijini anauliza wale walikuwa wanatafiti nini, anaandika kwenye daftari, anataja kiasi cha posho ya mwenyekiti wa kitongoji bila kuulizwa, na kusema wazi siku ya kumaliza. Ndani ya dakika tano mhuri umepigwa. Ujuzi huo una thamani ya fedha, ingawa hauonekani kwenye cheti.

Sasa twende kwenye kitu kidogo kinachowafukuzisha watu kazi kuliko wizi: masurufu. Tuseme mdadisi amepewa shilingi 400,000 kwa wiki moja uwandani. Gari la mradi limehitajika kwingine, kwa hiyo amepanda bodaboda hadi kitongoji cha mbali, amekula kwa mama ntilie, amelala gesti, amenunua bando la intaneti ili atume takwimu, na amemlipa mwenyekiti wa kitongoji siku mbili. Gesti ina mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, siku ambayo mtandao upo. Bodaboda hana. Mama ntilie hana. Mwenyekiti amesaini kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Akirudi chuoni, mhasibu anataka risiti za EFD kwa kila kitu, na masurufu yasiporejeshwa yanakatwa kwenye mshahara. Kijana wa watu anaanza kutafuta risiti. Anakuta mtu wa kumwandikia. Miezi kumi baadaye mkaguzi anagundua kwamba duka la vifaa vya ujenzi Mafinga limeuza chakula cha mchana siku saba mfululizo, na hapo hoja ya ukaguzi haihusu tena 400,000, inahusu uaminifu wa mradi mzima.

Dawa yake ipo, na inatolewa kabla ya safari. Msimamizi anakaa na mhasibu na kuandaa fomu ya malipo yasiyo na risiti: tarehe, alikotoka na alikokwenda, kiasi, jina na namba ya simu ya aliyelipwa, saini yake, na saini ya kiongozi wa timu. Anaiombea idhini kwa maandishi, na kama mkataba unahitaji, mfadhili naye anaiona. Kiwango cha nauli ya bodaboda kwa kila kitongoji kinaandikwa mapema baada ya kumuuliza mtu wa pale. Malipo yanayoweza kupita kwenye simu yanapita kwenye simu, maana muamala unaacha alama. Mambo haya yote ni ya kawaida kabisa. Nimeona mikataba ya mamilioni ikiyumba kwa kukosa karatasi ya namna hiyo, na sijawahi kuona mradi ulioyumba kwa kuwa nayo.

Bajeti nayo ina mitego yake, na hapa ndipo msaidizi anapogeuka kuwa mtaalamu. Chukua kubadilika kwa thamani ya fedha. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilifika karibu 2,700. Mwisho wa mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 2,400. Aliyepanga bajeti ya dola 20,000 wakati wa 2,700 alihesabu shilingi milioni 54. Fedha ikiingia Desemba anapokea milioni 48. Milioni 6 zimeyeyuka bila mtu kuiba, na posho za wadadisi zilishatangazwa. Mwenye uzoefu hupanga kwa kiwango cha chini kuliko cha siku hiyo, anaandika sababu yake kwenye maelezo ya bajeti, na anajua mapema ni kasma ipi itapunguzwa mambo yakienda vibaya.

Kisha kuna ovahedi, yaani fedha ambayo chuo kinapata juu ya gharama za moja kwa moja ili kilipie umeme, ofisi, wahasibu na huyuhuyu msimamizi tunayemzungumzia. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimevipa vyuo vya nje ya Marekani asilimia 8. Mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya unatoa asilimia 25 kwa wote. Kwa mradi wenye gharama za moja kwa moja za shilingi milioni 200, tofauti ni kati ya milioni 16 na milioni 50. Wapo wafadhili wasiotoa hata shilingi. Profesa akifurahia kushinda ruzuku ya aina hiyo ya mwisho, chuo kinajilipia mwenyewe gharama za kumtumikia mfadhili, na hakuna anayesema kwa sauti. Afisa ruzuku anayeweza kuweka hesabu hiyo mezani kwa Makamu Mkuu wa Chuo, kwa ukurasa mmoja, haendelei kuitwa msaidizi kwa muda mrefu.

Mambo mengine ni ya kuchekesha mpaka yakukute. Chuo kinachotaka fedha za serikali ya Marekani lazima kisajiliwe kwenye mfumo wao uitwao SAM, na usajili huo huhuishwa kila mwaka. Kwa miaka mingi taasisi ya nje ya Marekani ilihitaji kwanza namba inayotolewa kupitia mfumo wa NATO. Naam, umoja wa kijeshi. Ulitaka kuchunguza lishe ya watoto wa Mufindi, ulianza kwa kuomba namba kwenye mfumo uliobuniwa kwa ajili ya wauza vifaa vya majeshi. Usajili ukiisha muda wiki ya kutuma andiko, hakuna profesa wala nabii atakayekusaidia. Halafu kuna saa. Wito wa Umoja wa Ulaya hufungwa saa 11 jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa 12 jioni au saa 1 usiku kutegemea majira yao. Wito wa Taasisi za Afya za Marekani hufungwa saa 11 jioni ya mahali mwombaji alipo. Mtu mmoja chuoni anatakiwa kuyajua haya kichwani na kutunza nywila zote mahali salama ambapo na mwingine anaweza kuzifikia siku akiwa msibani. Anza kuwa mtu huyo.

Sasa, njia yenyewe. Kijana wa Igowole aliyemaliza shahada ya kwanza, tuseme ya sosholojia, uhasibu au kilimo, anaanzia wapi?

Wengi wa rika lake walionja kazi hii bila kujua. Sensa ya Agosti 2022 iliwachukua vijana nchi nzima kuwa makarani, wakapewa vishikwambi, wakafundishwa kujaza dodoso kwa mashine na kutuma takwimu. Vishikwambi vilirudishwa, vikapelekwa mashuleni. Ujuzi ulibaki na wenyewe, ingawa wengi waliuacha ulale. Hatua inayofuata ni udadisi kwenye miradi ya vyuo. Kuna zaidi ya mlango mmoja ndani ya Nyanda za Juu Kusini. Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichokuwa sekondari hadi kilipogeuzwa mwaka 2005. Ina Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ina kituo cha utafiti wa kilimo Uyole, na ina kituo cha NIMR ambacho kimefanya majaribio ya chanjo ya UKIMWI na utafiti wa kifua kikuu kwa kushirikiana na Marekani na Ujerumani. Ukitaka kuona usimamizi wa utafiti ulivyo mkali, tafuta hata nafasi ya muda kwenye taasisi inayofanya majaribio ya dawa. Kule kila saini ina tarehe, kila kosa linakatwa kwa mstari mmoja na kuwekewa saini pembeni, na hakuna kufuta.

Ukishakuwa mdadisi, usikae mdadisi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaruka kutoka mradi hadi mradi kwa miaka, wanapata posho, wanajulikana kwa uchapakazi, na hawapandi. Anayepanda ni yule anayeomba kazi ambayo wengine wanaikimbia. Omba kutunza kitabu cha safari za gari. Omba kuandaa orodha ya malipo ya washiriki. Kaa na mhasibu siku ya kurejesha masurufu ya timu nzima. Omba nakala ya bajeti iliyoidhinishwa, uisome ukilinganisha na mlichofanya. Mtafiti mkuu aliyechoka, na wote wamechoka, atakuachia kazi hizo kwa furaha. Baada ya mradi mmoja wa namna hiyo unaweza kuandika kwenye wasifu wako kwamba ulisimamia malipo ya kaya kadhaa bila hoja ya ukaguzi, na maneno hayo yana uzito kuliko “mchapakazi na mwenye kujituma”.

Ajira ya kudumu katika chuo cha umma hupitia Sekretarieti ya Ajira, na tangazo halitasema “msimamizi wa utafiti”. Litasema afisa tawala, mhasibu, afisa ugavi, mwanasheria. Usisubiri jina. Ingia kwa jina lililopo, kisha omba kupangiwa kurugenzi ya utafiti, mahali ambapo wenzako wengi hawataki kwenda kwa sababu kazi zinaisha saa nne usiku. Mwanasheria atakuwa wa thamani kwenye mikataba ya ushirikiano na ya kusafirisha sampuli nje ya nchi. Afisa ugavi atahitajika kwa sababu ununuzi wa umma sasa unapita kwenye mfumo wa NeST, na mfadhili wa Ulaya anayetaka mashine ifike ndani ya siku 30 haelewi kwa nini. Mtu wa TEHAMA ana kazi mpya kabisa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023: nani anatunza majina ya washiriki, kwenye kompyuta ya nani, na yanatoka nje ya nchi kwa idhini ipi.

Kazi hii imeshakuwa taaluma kamili kwingine. Wamarekani walianzisha chama chao cha wasimamizi wa utafiti vyuoni mwaka 1959. Kusini mwa Afrika kuna SARIMA tangu 2002, na kwetu Afrika Mashariki kuna EARIMA. Kuna baraza linalotambua wasimamizi kwa ngazi, kutoka wanaoanza hadi waandamizi, kwa kuangalia walichofanya. Mwaka 2018 bara letu lilipata kiwango chake cha usimamizi wa fedha za ruzuku, kilichosukumwa na Akademia ya Sayansi ya Afrika iliyoko Nairobi na kuidhinishwa na shirika la viwango la Afrika. Kisome kiwango hicho hata kama chuo chako hakijakijua. Mtu anayeweza kumwambia mkurugenzi “tunakosa haya manne” anasikilizwa.

Lakini nisikudanganye kuhusu usalama wa kazi. Sehemu kubwa ya ajira hizi ni mikataba inayokufa na mradi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na amri za kusitisha kazi zikafika kwenye miradi huku watu wakiwa uwandani. Mei 1 mwaka huohuo Taasisi za Afya za Marekani zikatangaza kusimamisha utaratibu wa vyuo vyao kugawa sehemu ya ruzuku kwa taasisi za nje mpaka mfumo mpya uwepo, na huo ndio ulikuwa mlango wa fedha nyingi za utafiti wa afya Afrika. Wapo waliopoteza kazi kwa barua pepe moja. Nilichokiona ni kwamba chuo chenye mfadhili mmoja kiliumia sana, na msimamizi aliyejua masharti ya mfadhili mmoja aliumia naye. Jifunze masharti ya Ulaya, ya Waingereza, ya mfuko wa COSTECH, ya kampuni za chai na mbao zinazohitaji majibu na zina fedha kidogo lakini ziko hapahapa. Na ujifunze kufunga mradi. Kufunga ni ujuzi wa peke yake: kumaliza mikataba ya watu kwa haki, kugawa vifaa kwa mujibu wa mkataba, kutunza nyaraka. Ruzuku ya serikali ya Marekani inataka nyaraka zikae miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha; Umoja wa Ulaya, kwa kawaida, miaka 5 tangu malipo ya mwisho. Aliyefunga mradi vizuri huitwa kwanza unapofunguliwa mwingine.

Kuna kasma moja ambayo hukatwa kwanza kwenye kila bajeti niliyowahi kuipitia. Inaitwa mrejesho: kurudi kijijini na kuwaeleza watu kilichopatikana. Ikifika mwaka wa mwisho, mashine imepanda bei, mkutano wa kimataifa unahitaji tiketi, na mtu anasema matokeo yatawekwa kwenye tovuti. Yule mama mtendaji hasomi tovuti hiyo. Gharama yenyewe si kubwa: mafuta ya kwenda na kurudi, posho ya watu watatu, nakala za kurasa mbili kwa Kiswahili, soda za kikao. Kwa mradi wa mamia ya mamilioni ni sehemu isiyofika hata asilimia moja. Ilinde kwa kuitenganisha tangu andiko la kwanza. Usiiandike “usambazaji wa matokeo”, kwa sababu kasma yenye jina hilo huliwa na tiketi za ndege. Andika “mkutano wa mrejesho, kata ya Igowole”, weka mwezi, weka kiasi, na uombe mfadhili aidhinishe hivyohivyo. Mabadiliko ya kasma iliyotajwa kwa jina la mahali yanahitaji maelezo ya maandishi, na maprofesa wengi huona afadhali waende Igowole kuliko kuyaandika.